Amana iliyofungwa ndani ya simu: Mambo ya kutayarisha kabla kijana hajasafiri

Msafiri wa Pemba haondoki kimya kimya. Mtu akijaaliwa kupata viza ya Oman au ya Falme za Kiarabu, nyumba hukusanyika, husomwa dua, na hufungwa vifurushi vya halua na pweza mkavu kwa ajili ya jamaa walioko huko. Kisha wazee humuusia: ashike sala, awakumbuke wazazi, alinde amana za watu. Wiki hii, katika ukurasa wetu wa familia, tunaomba kuongeza jambo moja katika wasia huo. Ni jambo linaloonekana dogo mpaka siku linapomfika mtu. Msafiri aondoke akijua ni kwa namba gani, na kwa jina la nani, ataweza kuzungumza na kampuni ya simu au benki ya nyumbani akiwa ng'ambo.

Tumesukumwa kuandika haya na mkasa wa familia moja iliyo karibu na mji wa Wete. Hatutaji majina yao, wala hatuitaji kampuni iliyohusika, kwa kuwa tunalolitafuta hapa ni mazingatio na si kumfedhehesha mtu.

Fedha za karafuu

Baba wa familia hiyo ni mzee aliyepindukia miaka sabini, na ana shamba la mikarafuu alilorithi kwa wazee wake. Msimu ulipomalizika na karafuu kuuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), fedha ziliwekwa katika simu ya mwanawe wa pili, kijana anayeaminiwa na nyumba nzima. Zilikuwa shilingi 2,400,000. Sehemu yake ilikuwa ujira wa wachumaji ambao walikuwa bado hawajalipwa, nao ni majirani, wengi wao kina mama wenye watoto. Sehemu iliyobaki ilitengwa kwa safari ya mzee kwenda Unguja kutibiwa macho, kwani mtoto wa jicho alikuwa amekwisha kumzuia kusoma msahafu wake.

Kabla fedha hazijagawiwa, viza ya kijana ikatoka ghafla. Alikuwa amepata kazi ya udereva Maskati, na mwajiri alimtaka ndani ya wiki moja. Akaondoka na simu yake na laini yake, akidhani kwamba atazituma fedha zile kutoka huko kwa utulivu. Siku ya tatu baada ya kufika, akiwa amechoka na hajazoea mahali, alikosea namba ya siri mara tatu. Akaunti ikajifunga.

Alifanya kile ambacho sote tungelifanya: alipiga 100. Sauti ikamjibu kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza, kwamba namba aliyoipiga si sahihi. Akaipiga namba ya bure inayoanzia na 0800 aliyoikuta kwenye karatasi ya zamani ya kampuni. Hiyo haikuita kabisa. Jioni mama yake akampigia.

"Mwanangu, wachumaji wamekuja tena leo. Niwaambie nini?"

"Mama, waombe wanistahamilie. Fedha zipo, ila akaunti imefungwa na sipati mtu wa kuifungua."

Mama alimwamini. Kaka mkubwa hakusema neno kwa siku za mwanzo, lakini wiki ya pili ilipoingia alisema mbele za watu yale aliyokuwa nayo moyoni: "Ni simu gani hiyo isiyofunguka? Aseme kama amezitumia." Neno likavuka bahari na kumfikia mdogo wake kabla ya usiku kuingia.

Kwa nini 100 haiitiki Maskati

Wengi wetu tunadhani kwamba namba ya simu ni namba tu, na ikipigwa popote huita. Sivyo. Hapa Tanzania kampuni za simu hutumia namba moja fupi ya huduma kwa wateja, nayo ni 100, na kila mtandao huielekeza kwenye ofisi yake wenyewe. Mfano wake ni jina la utani. Kijijini Kojani kila mtu anamjua mwenye jina hilo, lakini ukifika nalo mji wa mbali ukamuulizia, hutapata wa kukuonyesha. Ukiipiga 100 kwa laini ya Oman, mtandao wa Oman haujui kwamba unaikusudia kampuni iliyoko Dar es Salaam. Hata kwa laini ya Tanzania inayotumika huko kwa huduma ya nje ya nchi, namba fupi huweza kupokewa au isipokewe, kwa hiyo si ya kutegemewa.

Namba za bure nazo zina sababu yake. Katika namba ya 0800, anayelipia simu ni kampuni wala si mpigaji, na makubaliano hayo aghalabu huishia ndani ya mipaka ya nchi. Kampuni haikukubali kulipia simu inayotoka Maskati, Dubai au London, hivyo mtandao wa huko hauna njia ya kuifikisha.

Kinachohitajika ni namba kamili, yaani ile inayoanza na alama ya kujumlisha na namba ya nchi. Ya Tanzania ni +255. Namba ya mezani ya Zanzibar inayoanza na 024 huandikwa +255 24, na ya mkononi inayoanza na 0777 huandikwa +255 777. Ile sifuri ya mwanzo huondoka. Alama ya kujumlisha ina faida yake pia, kwani njia ya kutokea nje hutofautiana baina ya nchi na nchi. Sisi hapa tunatumia 000, Oman na Uingereza hutumia 00, na Marekani na Kanada hutumia 011. Aliyehifadhi namba yake kwa alama ya kujumlisha hana haja ya kukumbuka hayo yote, kwani simu yenyewe hujaza panapostahiki.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kuna WhatsApp. Ni kweli, na baadhi ya kampuni na benki hujibu wateja kwa njia hiyo. Lakini tukumbuke kwamba katika Falme za Kiarabu simu za sauti za WhatsApp zimezuiwa kwa miaka mingi. Ujumbe wa maandishi hupita. Basi anayekwenda huko asiweke matumaini yake yote kwenye simu ya WhatsApp.

Aliyeko upande wa pili hakujui

Mawasiliano baina ya visiwa vyetu na nchi za Waarabu si jambo geni. Waya wa telegrafu uliopitishwa chini ya bahari uliiunganisha Zanzibar na Aden mwaka 1879. Barua zilikwenda na majahazi kwa misimu ya pepo. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, zilipogawanyika familia nyingi baina ya hapa na Oman, wako waliorikodi sauti zao katika kanda za kaseti na kumkabidhi msafiri azifikishe. Mawasiliano hayo yalikuwa ya polepole, lakini aliyeichukua barua alikuwa mtu anayejulikana na pande zote mbili. Leo sauti hufika papo hapo, ila anayeipokea katika ofisi ya huduma kwa wateja hakujui wewe wala babako. Hana njia ya kukutambua isipokuwa kwa ushahidi ulioandikwa katika kompyuta yake. Hapo ndipo mkasa wa kijana wetu ulipozidi uzito.

Siku ya tisa alifanikiwa kuipata namba kamili katika tovuti ya kampuni. Mara mbili salio lilimwishia akiwa anasubiri na kusikilizishwa muziki. Mara ya tatu akapokewa na binti mwenye adabu, akaulizwa jina kamili la mwenye laini na namba ya kitambulisho cha Taifa. Akanyamaza. Laini ile haikuwa kwa jina lake.

Wasomaji wetu wanakumbuka kwamba usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofanyika, zilizokuwa hazijasajiliwa zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020. Wakati huo kijana huyu hakuwa amepata namba ya NIDA. Ami yake akamsaidia kwa kuisajili kwa jina lake mwenyewe. Ulikuwa wema, na nyumba nyingi zilifanya hivyo hivyo. Lakini tangu siku ile, mbele ya kampuni, laini ilikuwa ya ami, na fedha zilizokuwemo zilihesabiwa kuwa ni za ami.

Yule binti akamwambia kwa upole kwamba hawezi kufungua chochote. Alitakiwa mwenye laini afike mwenyewe dukani na kitambulisho chake, athibitishwe kwa kidole. Kijana aliudhika sana, na tunamwelewa. Hata hivyo tuseme haki: tungelifurahi iwapo angelikuwa ni mwizi aliyepiga simu kuomba kufunguliwa akaunti yetu, naye akajibiwa hivyo hivyo. Simu hupeleka sauti, haipeleki kidole.

Tapeli hakuwa mbali

Dada wa kijana, kwa huruma, aliandika shida yao katika mtandao wa kijamii na kuitaja kampuni. Haukupita muda akajibiwa na mtu mwenye picha ya nembo ya kampuni ile ile, aliyejitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja. Akamtaka alipe shilingi 60,000 za "kufungulia akaunti". Dada akazituma. Alipotakiwa kutaja na namba ya siri, hapo ndipo alipozinduka, lakini zile elfu sitini zilikuwa zimekwisha kwenda.

Hili ni la kutahadhari nalo sana, kwani mtu aliyeko mbali na aliyekata tamaa ndiye windo jepesi la matapeli. Mfanyakazi wa kweli wa huduma kwa wateja hahitaji namba yako ya siri, wala hadai fedha zitumwe kwa namba ya mtu binafsi. Namba isichukuliwe kwenye maoni ya watu mitandaoni. Ichukuliwe kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, kwenye karatasi za mkataba, au nyuma ya kadi ya benki, ambako aghalabu huandikwa namba ya kupigia kutoka nje ya nchi. Na tapeli akijitokeza, namba yake itumwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu hapa nchini.

Kidole cha ami

Ami anaishi Micheweni, na maisha yake yote ni ya jembe. Alikwenda kwa wakala wa karibu, akaweka kidole, mashine ikakataa. Vidole vyake vimechakaa kwa kulima, mistari imefutika. Siku ya pili akapelekwa kwa gari mpaka duka la kampuni Chake Chake. Wakamjaribu kidole baada ya kidole, mpaka gumba la mkono wa kushoto likakubali. Akaunti ikafunguliwa, na namba mpya ya siri ikawekwa. Ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu ilipofungwa.

Jioni ile ile ami akazituma fedha kwa mama, na wachumaji wakalipwa mmoja mmoja. Safari ya mzee ilisogezwa mbele, lakini alhamdulillah alikwenda. Kaka mkubwa naye akampigia mdogo wake.

"Nisamehe mdogo wangu. Nilikudhania vibaya."

"Nimekusamehe kaka. Na mimi mniwie radhi. Nilijua kuwa laini si yangu, na nilijua kuwa fedha si zangu, nikasafiri navyo vyote viwili."

Maneno hayo ya kijana ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya.

Kabla ya kuaga

Kwanza, laini iwe kwa jina la anayeitumia. Atakayepiga *106# ataweza kuangalia usajili wa laini yake. Ikiwa ilisajiliwa kwa jina la baba, ami au rafiki, jambo hilo lirekebishwe angali wote wako kisiwani. Marekebisho hayo hutaka watu wawepo na vidole vyao, na hayafanyiki kwa simu kutoka ng'ambo.

Pili, huduma ya kuitumia laini nje ya nchi iulizwe na kufunguliwa kabla ya safari, pamoja na gharama zake. Benki nyingi hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya Tanzania. Laini ikiwa imezimika, ujumbe haufiki na muamala haukamiliki. Tena laini isiyotumika kwa muda mrefu huweza kufungwa na namba yake akapewa mtu mwingine, kwa hiyo itiwe salio na kutumiwa mara kwa mara.

Tatu, namba kamili za kampuni ya simu na za benki ziandikwe katika karatasi mbili. Moja ikae ndani ya pasi ya kusafiria, ya pili abaki nayo mama au mke nyumbani. Tusitegemee kuzihifadhi ndani ya simu pekee, kwani simu ikipotea hupotea nazo. Kila namba ijaribiwe kwa kuanzia na +255 ukiwa bado uko Pemba. Isiyoita hapa haitaita huko.

Nne, na hili ndilo kubwa, amana za watu zisisafiri na mtu. Ujira ulipwe, fungu la kila mmoja lifike kwake, na kinachobaki kikabidhiwe kwa anayebaki, kwa maandishi na mbele ya mashahidi. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara inatufundisha kuandika madeni na kushuhudisha, na imetufundisha hivyo zamani kabla ya kuwepo benki na simu. Kuandikiana hakumaanishi kutoaminiana. Ndiko kunakozihifadhi nyoyo zisidhaniane vibaya, kama walivyodhaniana ndugu hawa.

Tano, ikiwa kuna mambo ambayo lazima yafanywe kwa jina la msafiri baada ya kuondoka kwake, aache hati ya uwakilishi kwa mtu anayemwamini, naye aulize benki yake mapema iwapo wataikubali. Aliyekwisha kuondoka anaweza kwenda kuthibitisha hati ya namna hiyo katika ubalozi wetu Maskati au ubalozi mdogo ulioko Dubai.

Wakati wa kupiga

Saa za Maskati zimetangulia zetu kwa saa moja. London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto. La kuangaliwa zaidi ni siku za mapumziko. Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, sisi Jumamosi na Jumapili. Mfanyakazi wa Maskati anayengoja Ijumaa, siku yake ya nafasi, akumbuke kwamba hapa mchana ule watu wanakwenda msikitini. Basi apige asubuhi mapema, au aombe ruhusa katikati ya wiki.

Kabla ya kupiga, awe na kitambulisho mbele yake, tarehe na kiasi cha miamala ya mwisho, kalamu na salio la kutosha, kwani dakika za kusubiri nazo hulipiwa. Aombe kuhudumiwa kwa Kiswahili. Aanze kwa kusema kwamba anapiga kutoka nje ya nchi, aeleze shida yake kwa ufupi, na asikate simu kabla ya kuandika jina la aliyemhudumia na namba ya kumbukumbu ya shauri lake. Bila ya namba hiyo, kesho ataanza upya na mtu mwingine. Akiona shauri linazungushwa, apeleke malalamiko kwa maandishi kwa kampuni yenyewe kwanza. Yasipopatiwa jawabu, kuna Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa mambo ya simu, na Benki Kuu ya Tanzania kwa mambo ya benki.

Kwa kampuni na benki zetu nazo tuna ombi. Watu wa visiwa hivi wametawanyika Ghuba, Ulaya na Amerika, na fedha wanazotuma ndizo zinazojenga nyumba, kusomesha watoto na kutibu wazee. Iandikeni namba kamili ya kupigia kutoka nje mahali panapoonekana, pembeni mwa ile 100. Na mzee ambaye vidole vyake vimeliwa na jembe atafutiwe njia nyingine ya kutambuliwa, asirudishwe nyumbani kama kwamba si mtu.

Nasi wazazi, siku ya kumuaga kijana, baada ya dua na kabla ya kufunga mzigo, tumuulize maswali matatu: Laini hii ni kwa jina la nani? Namba kamili umeiandika wapi? Umeondoka na haki ya mtu? Akiyajibu yote matatu, na tumuage kwa amani.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, na atujaalie kuwa watekelezaji wa amana. Wabillahi tawfiq.